Kanisa lililogawanywa mpaka likaisha: Wadominiko wa Blackfriars, London

Shikamooni wazee wangu, wengine wote hamjambo, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, kila mtu aitikie ya kwake. Nashukuru kwa hii nafasi, na nashukuru mmekuja wengi na mvua yote hii. Haya niliyosema leo nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale waliokuwa kazini.

Miaka mitatu nilikuwa nasafisha ofisi pale Blackfriars, zamu ya usiku, naingia saa nne usiku natoka saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi nikitoka sikuwa naenda stesheni moja kwa moja kwasababu treni za saa hiyo zimejaa, kwahiyo nazunguka kwenye vichochoro vya nyuma huko nikisubiri watu wapungue, nina chai yangu kwenye chupa na chapati moja ya jana, na kuna kichochoro kimoja kinaitwa Church Entry, chembamba kweli, watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, na pembeni yake kuna kiuwanja kidogo kina makaburi ya zamani ya mawe. Nikawa nasimama pale. Siku moja nikasoma kibao cha bluu ukutani kinachosema hapa palikuwa na nyumba ya watawa wa Blackfriars, mwaka 1278. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, ofisi, ofisi, mlango wa nyuma wa mgahawa, mapipa ya taka. Hakuna kanisa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na Tongoni, magofu yale na makaburi yale ya nguzo nimecheza pembeni yake nikiwa mtoto. Gofu nalijua, gofu linakaa, unaliona, unaonyeshwa na bibi unaambiwa usipande pale. Sasa kanisa kubwa la watu wa London, mji uliojaa pesa na kumbukumbu, linapoteaje mpaka hata gofu lisibaki? Hilo swali ndo limenileta hapa mbele yenu leo, maana nilipoanza kulifuatilia, kwenye maktaba, kwenye ramani za zamani, niligundua kwamba halikuanguka, halikubomolewa na vita, na ule moto mkubwa wa London ulipofika lenyewe lilishaondoka zaidi ya miaka mia moja nyuma. Liligawanywa. Kama nyumba ya marehemu ambayo kila ndugu anachukua mlango wake na bati lake.

Kwanza hao Blackfriars ni akina nani. Neno weusi hapo ni nguo tu. Ni Wadominiko, shirika la Ndugu Wahubiri la Mtakatifu Dominiko, lililokubaliwa na Papa mwaka 1216. Kanzu yao nyeupe, lakini wakitoka nje wanavaa juu yake joho jeusi, ndo watu wa Uingereza wakawaita ndugu weusi, na Wafransisko wakawaita wa kijivu kwa rangi ya nguo zao, na Wakarmeli weupe. Hawa hawakuwa watawa wa kujifungia porini wakalima. Kazi yao ilikuwa kuhubiri na kusoma, wanakaa mjini katikati ya watu, na mwanzoni waliishi kwa sadaka kabisa. Wakatoliki mlioko hapa mnawajua, wapo hata kwetu. Na ni ndugu wa shirika hilihili, Mreno anaitwa João dos Santos, aliyekuja Sofala mwaka 1586 na akaishi baadae visiwa vya Kerimba, kitabu chake kilichotoka mwaka 1609 ni moja ya sehemu tunazopata habari za Wazimba walioivamia Kilwa na Mombasa. Kwahiyo msione ni hadithi ya Wazungu peke yao, hawa watu walishaandika mpaka habari za pwani yetu.

Uingereza walifika Agosti 1221, ndugu kumi na tatu, kiongozi wao Gilbert wa Fresney. Walipita Canterbury, askofu mkuu Stephen Langton akamwambia huyo Gilbert hebu hubiri nikusikie, akahubiri, akampenda, wakaruhusiwa kuendelea. London wakapata nyumba Holborn, nje ya ukuta wa mji, na wakakaa huko miaka hamsini hivi.

Alafu akaja Robert Kilwardby. Huyu alikuwa Mdominiko mwenyewe, msomi, na mwaka 1273 akawa askofu mkuu wa Canterbury. Akaona ndugu zake wamebanana Holborn, akaanza kuwatafutia kiwanja, na kiwanja alichopata kilikuwa pale kusini magharibi ya mji, kati ya Ludgate na mto Thames, palipokuwa na ngome mbili za zamani, Baynard na mnara wa Montfichet. Meya wa London wakati huo, Gregory de Rokesley, na wenzake wakampa hizo sehemu miaka ya 1275 na 1276, na mawe ya zile ngome ndo yakajengea kanisa. Hapo naomba msikilize, maana ni kitu ambacho sijakisahau toka nilipokisoma. Mawe ya kanisa lenyewe yalikuwa mawe ya jengo lililobomolewa. Yaani tangu siku ya kwanza.

Na kiwanja bado hakikutosha, kwasababu ukuta wa mji, ule wa Warumi, ulipita katikati. Sasa mtu wa kawaida ukikuta ukuta wa serikali kwenye ploti yako unapunguza ramani ya nyumba. Wao mfalme Edward wa Kwanza aliwaruhusu ukuta ubomolewe na ujengwe upya ukizunguka kwa nje, upande wa magharibi mpaka kwenye mto Fleet, ili ndugu wawe ndani. Ukuta wa mji mkuu umehamishwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwa sadaka! Huo mto Fleet leo hamuuoni, umefunikwa, uko chini ya barabara ya New Bridge Street mnapopandia mabasi.

Kanisa lilikuwa na urefu wa kama futi 220 na upana futi 66. Kwa wanaohesabu kwa mita ni karibu 67 kwa 20. Na lilikuwa limegawanyika sehemu mbili, upande wa mashariki kwaya ya ndugu wenyewe, wanaposali sala zao usiku na mchana, na upande wa magharibi ukumbi mpana wa watu, maana hawa ni wahubiri, wanataka watu waingie wengi wakae wasikie. Katikati ya hizo sehemu mbili kulikuwa na njia ya kupita, na juu ya njia hiyo mnara. Na kile kichochoro chembamba, Church Entry, ninachowaambia nilikuwa nanywea chai? Ndo ile njia. Kinapita palepale kati ya kwaya na ukumbi, chini ya mnara ambao haupo. Kuta zote zimeondoka, nguzo zimeondoka, mapaa yameondoka, lakini watu hawajaacha kupita palepale kwa miaka zaidi ya mia saba. Mimi nilipolijua hilo nilirudi siku ya pili nikapita tena polepole, nimeweka mkono ukutani, ukuta wenyewe ni wa matofali ya juzijuzi tu, lakini nikapita polepole.

Sasa niwaambie habari ya mioyo, na wenye roho nyepesi wanisamehe.

Edward wa Kwanza alikuwa na mke anaitwa Eleanor wa Castile, Mhispania, aliyemfuata mumewe mpaka vita vya msalaba. Walizaa watoto wengi na wengi walikufa. Mmoja alikuwa Alphonso, mrithi wa kiti, alifariki Agosti 1284 ana miaka kumi. Mwili wake ukazikwa Westminster, moyo ukawekwa kwa ajili ya Blackfriars. Alafu tarehe 28 Novemba 1290 mama mwenyewe akafariki, kijiji cha Harby karibu na Lincoln. Matumbo yakazikwa kanisa kuu la Lincoln, mwili ukasafirishwa mpaka Westminster, na kila mahali jeneza lilipolala usiku mfalme akajenga msalaba wa mawe, kumi na miwili, wa mwisho ndo Charing Cross hapo mnapobadilishia treni. Na moyo ukapelekwa Blackfriars, kanisani kwa ndugu, pamoja na moyo wa mwanae.

Najua wengine mnakunja uso, kwetu maiti haigawanywi, inazikwa haraka na inazikwa nzima. Hata zama zao kulikuwa na wasiopenda, miaka michache baadae, 1299, Papa Boniface wa Nane alipiga marufuku kukatakata miili ya wafu. Lakini jaribuni kuwaelewa walivyofikiri. Kaburi kwao ni mahali pa kuombewa. Ukizikwa sehemu tatu unaombewa sehemu tatu. Na moyo, sehemu ya mapenzi, mama akachagua uende kwa wahubiri maskini, akae na mwanae. Hesabu za waliosimamia mirathi yake zipo mpaka leo, zinaonyesha malipo kwa mafundi, wa kuyeyusha vinyago vidogo vya shaba, wa kupaka rangi, na fundi wa dhahabu aliyetengeneza malaika wa kuushika ule moyo. Risiti zipo wapendwa. Tunajua mafundi walilipwa. Malaika hayupo, kaburi halipo, moyo haupo.

Wengine wengi wakaomba kuzikwa pale baada ya malkia, mabwana wakubwa na wake zao. John Tiptoft, mtawala wa Worcester aliyekatwa kichwa 1470, yuko pale. Na Sir Thomas Parr, alizikwa 1517, mkewe Maud akamfuata 1531. Hao wawili muwakumbuke kidogo, nitawarudia.

Na nyumba yenyewe, nje ya kanisa, ikawa kubwa sana, ina uwanja wa ndani wenye mabaraza, kumbi, bustani, nyumba za wageni, na serikali ikaizoea kwasababu iko karibu na maji na ina kumbi kubwa. Bunge limekaa pale mara kadhaa. Mwaka 1382 askofu mkuu William Courtenay alikusanya maaskofu na walimu wa dini kuyahukumu mafundisho ya John Wycliffe, padri msomi wa Oxford aliyekuwa analikosoa kanisa, wakiwa wanaendelea tarehe 21 Mei ardhi ikatetemeka, mji mzima, watu wakataka kuacha, yeye akawaambia hii ni dalili kwamba nchi inajisafisha, wakaendelea. Hoja kumi zikaitwa uzushi na kumi na nne makosa. Upande wa Wycliffe nao wakasema Mungu ndo amekikataa kikao. Kila mtu na tetemeko lake. Mwaka 1522 Kaisari Charles wa Tano alilala Blackfriars, na kikajengwa kijia cha juu kinachovuka mto Fleet kwenda ikulu ya Bridewell ng'ambo ya pili.

Huyo Kaisari alikuwa mtoto wa ndugu wa Catherine wa Aragon, mke wa Henry wa Nane. Na kwa kijia hicho tunafika Juni 1529. Henry anataka kumwacha Catherine baada ya miaka ishirini ya ndoa, na mahakama ya Papa, chini ya makadinali wawili, Wolsey na Campeggio, inakaa kwenye ukumbi mkubwa wa juu wa Blackfriars, nje kidogo ya kanisa. Tarehe 21 Juni wameitwa mume na mke. Catherine aliitwa jina lake, hakujibu. Akanyanyuka, akapita katikati ya watu wote wale mpaka alipokaa mfalme, akapiga magoti mbele ya mumewe, akamwambia mbele ya kila mtu kwamba yeye ni mgeni nchi hii, hana wa kumtetea, amekuwa mke wake wa kweli, na yeye mwenyewe anajua alimkuta bikira. Alafu akainuka, akainama kwa heshima, akatoka. Wakamwita mara nyingine arudi, hakugeuka, na hakurudi kwenye ile mahakama tena. Mwanamke mgeni, ugenini, kwa lugha ya watu. Kina mama wenzangu mnaelewa ninachosema, na ndo maana nimechukua muda hapo.

Kesi haikuisha, Campeggio akaiahirisha, Papa akaivuta Roma. Mfalme akakasirika. Na tarehe 3 Novemba 1529, ndani ya nyumba ileile ya ndugu, likafunguliwa Bunge jipya ambalo baada ya hapo likahamia Westminster na ndani ya miaka michache likaikata Uingereza kutoka kwa Papa. Mnaona? Lile bunge lililofungua njia ya kufungwa nyumba za watawa lilifunguliwa kwenye nyumba ya watawa, wao wenyewe wamefagia ukumbi.

Mkuu wa mwisho wa nyumba alikuwa John Hilsey, Mdominiko, lakini mtu wa serikali, maana Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, alimtumia kukagua nyumba za ndugu wenzake, na akapewa uaskofu wa Rochester baada ya John Fisher kuuawa 1535. Tarehe 12 Novemba 1538 Hilsey na ndugu waliobaki wakaisaini hati ya kuikabidhi nyumba kwa mfalme. Miaka 317 toka wale kumi na tatu wafike. Mimi sijaona popote kwamba kulipigwa kelele siku ile. Karatasi ikasainiwa, basi.

Na hapa ndo naomba mnivumilie, maana watu wengi wanaruka sehemu hii, wanasema tu ilifungwa ikabomolewa. Hapana. Kwanza zilitolewa nyumba za pembeni na bustani, mabwana wa ikulu wakapewa au wakapangishwa, mmoja wao Lord Cobham. Huyu kapata chumba na ngazi, yule kapata jiko na kipande cha bustani, mwingine kapata baraza. Sehemu kubwa ikawekwa vitu vya ofisi ya mahema na sherehe za ikulu, yaani mavazi ya maigizo, vinyago, mapazia, mahema ya mfalme ya safari, yamerundikwa kwenye kumbi walizolia chakula na kusalia. Msimamizi wa sherehe hizo alikuwa Sir Thomas Cawarden, na tarehe 12 Machi 1550 mfalme Edward wa Sita, mtoto wa Henry, akampa Cawarden sehemu kubwa iliyobaki, na kanisa lenyewe likiwemo.

Jengo kubwa la mawe la zama zile ni stoo ya vifaa vya ujenzi. Paani kuna risasi, madini yale mazito, tani na tani, yanayeyushwa na kuuzwa. Kuna kengele, ni shaba. Kuna vioo, chuma, mbao nene za mwaloni ambazo hupati tena, mawe yaliyochongwa tayari, hata vumbi la mawe linaenda kwenye chokaa. Na ukishaondoa risasi ya paani umeshaliua jengo hata kama hujagusa ukuta, kwasababu mvua ya London inaingia, mbao zinaoza, na baada ya miaka michache unaweza kusema kwa uso mkavu kabisa kwamba jengo ni bovu, ni hatari, tulishushe. Cawarden akalishusha. Makaburi yakaenda nalo. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema leo tunaitupa mifupa ya mabwana na moyo wa malkia. Kila mtu alikuwa na shughuli yake ndogo na hati yake halali mkononi, na kaburi halikuwa kwenye hati ya mtu yeyote.

Wale Parr niliosema tuwakumbuke. Binti yao aliitwa Katherine, na mwaka 1543, miaka mitano baada ya Blackfriars kufungwa, akaolewa na Henry wa Nane, mke wa sita na wa mwisho. Malkia wa Uingereza, mume wake ndo aliyelifunga kanisa, na baba yake na mama yake wamelala ndani ya hilo kanisa. Alifariki 1548. Nimewaza sana habari yake nikiwa nasukuma ile mashine ya kung'arisha sakafu. Sijui kama aliwahi kuomba lolote, na hata kama aliomba halikusaidia, maana kaburi lilienda kama mengine.

Sasa kulikuwa na watu wengine ambao hawakuwa na ukubwa wowote. Ndani ya uzio wa ndugu walikuwa wanaishi watu wa kawaida, mafundi, wafanyakazi na familia zao, na walikuwa na kanisa la parokia yao, Mtakatifu Anna. Cawarden akalivunja na hilo. Watu wakalalamika hawana pa kusalia, pa kubatiza, pa kuzikia. Alipoingia malkia Mary, Mkatoliki, binti ya yule Catherine, Cawarden akalazimishwa awatafutie kanisa, unajua aliwapa nini? Chumba cha juu, unapanda ngazi. Parokia nzima ikasali kwenye chumba cha gorofani miaka arobaini mpaka 1597 kikaanguka, wakachangishana wenyewe wakajenga upya na kupanua. Kwahiyo pale Church Entry makaburi mnayoyaona ni ya hao, watu wa Mtakatifu Anna. Ndugu wenyewe hawana hata jiwe moja lenye jina. Na mimi kwa kweli Cawarden simpendi, nasema wazi, wapo wanaomtetea kwamba alihifadhi nyaraka nyingi na ni kweli nyaraka zake ndo zinatusaidia kuijua nyumba ilivyokuwa, lakini mtu aliyeona watu wana kanisa na akawaachia ngazi, simpendi.

Kitu kimoja kilichobaki kizima kwa muda mrefu hakikuwa jiwe, kilikuwa haki. Zamani uzio wa watawa haukuwa chini ya serikali ya mji wa London, meya na askari wake hawana amri ndani. Kanisa likafa, haki ikabaki kwenye ardhi. Ndo maana watu wa maigizo walikimbilia pale, kwasababu mji ulikuwa hauwataki. 1576 Richard Farrant alifungua ukumbi wa maigizo ya watoto wa kwaya, na mwaka 1596 James Burbage akanunua ule ukumbi mkubwa wa juu kwa pauni 600. Majirani wakaandika barua ya malalamiko, wakasema ngoma na tarumbeta zitawasumbua waumini kanisani, na wakashinda kwa muda, Burbage akafa bila kuutumia. Baadae kampuni ya Shakespeare ikaingia, na Shakespeare mwenyewe 1613 akanunua nyumba ya lango la zamani la ndugu kwa pauni 140. Kampuni hiyo ilikuwa na igizo lenye kesi ya Catherine, na jukwaa lao la ndani lilikuwa ukumbi uleule aliopigia magoti. Hilo watu wa London wanalijua na wanalisimulia sana, ndo maana mimi nalipita haraka.

Kisicho simuliwa sana ni cha 1623. Wakatoliki wakati huo wanasali kwa kujificha, na balozi wa Ufaransa alikuwa na nyumba Blackfriars, kwa balozi serikali haiingii. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba watu kama mia tatu walibanana kwenye chumba cha juu kumsikiliza Mjesuiti anaitwa Robert Drury. Boriti ikakatika. Sakafu ikashuka, ikaibomoa na ya chini yake. Walikufa karibu watu 95, na mhubiri mwenyewe. Askofu wa London akakataza wasizikwe kwenye makaburi ya makanisa ya mji, basi wengi wakazikwa palepale uani, kwenye mashimo ya pamoja. Kwa hiyo ardhi ile ya wahubiri, miaka 85 baada ya wahubiri kufukuzwa, ikapokea tena watu waliokufa wakisikiliza mahubiri.

Ukumbi wa maigizo ulivunjwa 1655. Moto mkubwa ulipopita Septemba 1666 ulichoma kanisa la Mtakatifu Anna, halikujengwa tena, parokia ikaunganishwa na ya jirani, St Andrew. Jengo la chama cha wauza dawa, Apothecaries' Hall, lilikuwa kwenye nyumba ya wageni ya ndugu toka 1632, likaungua, likajengwa upya, lipo mpaka leo, ukipita mlango uko wazi chungulia uwanja wake wa ndani.

Mwaka 1900 wakichimba msingi Ireland Yard walikuta chumba cha chini cha ndugu, nguzo na matao yake. Kipande cha matao kiko leo Selsdon, kwa wale wa Croydon ni kwenu kabisa huko, kwenye bustani ya hoteli. Na Wadominiko wenyewe walirudi London, kanisa lao kubwa liko Haverstock Hill, lilifunguliwa 1883, mkienda misa mtaona zile kanzu nyeupe na joho jeusi. Pale Blackfriars penyewe kuna pub maarufu, mlangoni juu wameweka sanamu ya mtawa mnene anacheka, watalii wanapiga picha. Mimi sipigi. Wale waliolijenga kanisa hawakuwa watu wa kuchekwa.

Mzee wangu pale mbele ameniuliza wakati wa chai, mwanangu, sasa ule moyo uko wapi. Shikamoo tena mzee. Mwili wa malkia uko Westminster, sanamu yake ya shaba iliyopakwa dhahabu unaiona ukilipa kiingilio. Lincoln wamechonga sanamu nyingine mpya baada ya ile ya zamani kuvunjwa. Moyo, kwaya ya kanisa ilikuwa mashariki ya Church Entry, kwahiyo ukisimama kichochoroni mgongo wako uko upande wa mto Fleet, ilianzia mbele yako. Leo hapo ni nyumba na ofisi. Zaidi ya hapo hakuna anayeweza kukuonyesha mzee, ila mahali pa kusimama napajua.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo wanaotaka kwenda tukutane stesheni ya Blackfriars mlango wa upande wa kaskazini saa nne asubuhi, tutapanda mpaka Carter Lane alafu tunashuka Church Entry, Ireland Yard na Playhouse Yard, ni mwendo wa dakika kumi tu lakini tutachukua saa nzima. Wenye vigari vya watoto mjue kichochoro ni chembamba, tutabeba pamoja. Vaeni viatu vya chini, njia ina mawe na ikinyesha inateleza, na chai nitakuja nayo mimi.